Kuvuta trela la kulala: pima mbele ya gari, usipime nyuma

Mtu wa Mkoani au Malindi analijua hili: chombo kikipakiwa sana tezini, omo hunyanyuka na hakishiki njia. Gari linalovuta trela la kulala huko Marekani na Kanada lina tabia hiyohiyo. Shingo ya trela hukandamiza nyuma, magurudumu ya mbele huwa mepesi, usukani na breki hupungua nguvu. Kiunganishi cha kugawa uzito kina vyuma viwili vya springi, vinavyokazwa kwa minyororo kwenye shingo ya trela, vinavyorudisha sehemu ya uzito huo mbele ya gari, na nyengine kwenye ekseli za trela.

Kwanza panga shehena. Uzito unaokalia tufe la gari (kile kichwa cha mviringo nyuma ya gari kinachoshika shingo ya trela) uwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lililokwisha pakiwa; kwa trela la kilo 2,500 ni kilo 250 hadi 375. Ukipungua hapo trela huyumba mkia, na kukaza minyororo hakutibu. Gunia la mchele na madumu ya maji yahamie mbele ya ekseli.

Wengi hukaza huku wakitazama bampa ya nyuma mpaka gari lionekane limenyooka, na hapo ndipo wanapokosea. Pima madigadi ya mbele kutoka ardhini mara tatu: gari na mizigo yake bila trela, trela likishakaa bila vyuma, kisha vyuma vikishakazwa. Ikiwa ilikuwa sentimita 90 ikapanda 94, magari mengi hutaka irudi kama 92, lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Isishuke kabisa chini ya 90: hapo ekseli ya nyuma imepokonywa uzito, na kwenye mvua mkia wa gari huteleza.

Kukaza si kwa mabavu. Shingo ikishafungwa kwenye tufe na pini kutiwa, inyanyue kwa jeki pamoja na nyuma ya gari. Minyororo itavutika kwa urahisi. Hesabu pete sawa pande zote mbili. Mguu na uso viwe mbali, kwani chuma kikichomoka huvunja mfupa. Kufungua nako huanza na jeki.

Kiunganishi hiki hakiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa gari kuvuta. Na kama una kile chuma cha kuzuia kuyumba kinachofanya kazi kwa kusuguana, kivue kabla ya kupiga rivasi, la sivyo kona kali inaweza kukipinda.