Ufuta bila kufungua pori jipya: shamba la zamani bado linalipa

Wakulima wenzangu wa Lindi na Mtwara, na nyie wa Ruvuma na Morogoro mnaolima ufuta na mahindi, msimu wa kuandaa mashamba ukifika ukipita jioni utaona moshi kila upande, na huo moshi ndo nataka tuuongelee leo kwa sababu watu wengi wanadhani hewa chafu ya nchi hii inatoka kwenye magari na viwanda vya Dar. Hapana. Sehemu kubwa ya gesijoto ya Tanzania, yaani hewa kama hewa ukaa zinazoipasha dunia joto, inatoka kwenye ardhi, yaani msitu unapogeuzwa shamba. Takwimu za serikali za kati ya 2002 na 2013 zinasema tulikuwa tunapoteza hekta 469,000 hivi za misitu kila mwaka, hiyo ni zaidi ya ekari milioni 1, na ukienda kuangalia ardhi hiyo imegeuka nini, mara nyingi unakuta mahindi, ufuta au malisho.

Hesabu yenyewe iko hivi: mti ukikauka, nusu ya uzito wake ni kaboni, kwa hiyo tani 1 ya mti mkavu ikiungua ikaisha inatoa takriban tani 1.8 za hewa ukaa. Alafu kuna udongo, ule mweusi wa juu wa pori jipya, ukishaupiga jembe jua likauchoma ile mboji inaanza kuoza na kupotea hewani, na miaka michache ya mwanzo ndo inapotea kwa kasi zaidi. Ndo maana shamba jipya linakupa mavuno mwaka wa kwanza na wa pili kisha linaanza kukusumbua.

Wazee walikuwa wanafyeka na kuchoma pia, hilo kweli, ila walikuwa wachache na shamba lilipumzika miaka mingi, miombo ikachipua na kurudisha chini ile kaboni iliyotoka. Sasa hivi watu wameongezeka, ufuta una soko, shamba linaachwa miaka mitatu minne linarudiwa au haliachwi kabisa, na kule mbele pori jipya linafunguliwa, kwa hiyo kinachotoka ni kingi kuliko kinachorudi. Na wala sio wakulima wadogo peke yao, Nachingwea hapa hapa Waingereza walileta matrekta mwishoni mwa miaka ya 1940 kufyeka mapori kwa mradi wa karanga, mradi ukafa 1951 na miti ilikuwa imeshaondoka.

Sasa tuje kwenye kiini. Ukimuuliza mkulima wa ufuta kwa nini anahama atakwambia udongo umechoka, lakini kaa naye vizuri atakwambia ukweli mwingine: magugu. Pori jipya likichomwa halina magugu mengi mwaka wa kwanza, unapalilia kidogo au hupalilii kabisa, shamba la mwaka wa tatu majani yanakuzidi na vibarua ni ghali. Kwa hiyo ukitaka kumzuia mtu asiingie msituni msaidie kwanza kwenye palizi, mabango ya kutunza misitu hayatoshi.

Ufuta ukiota unakua polepole sana wiki za mwanzo, hapo ndo majani yanaupiga. Palizi ya kwanza fanya wiki ya 2 au ya 3 baada ya kuota, usingoje ufike magotini, na hapo hapo punguza miche. Panda kwa mistari, nusu mita hivi kati ya mstari na mstari, kwa sababu ukimwaga mbegu ovyo jembe halipiti na unaishia kupalilia kwa mkono, shamba la ekari 3 utalimaliza lini? Dawa ya magugu kuwa makini jamani, ufuta wenyewe ni wa majani mapana, ukipiga dawa ya kuua majani mapana umeua shamba lako, uliza ile ya nyasi tu na soma lebo kabla hujatoa hela. Mbegu chukua zile zilizotolewa na kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, kama Lindi 02 au Ziada 94, usirudie mbegu iliyochanganyika ya mnadani.

Alafu usipande ufuta juu ya ufuta kila mwaka. Gawa shamba, upande mmoja ufuta, mwingine mahindi na mbaazi, mwaka unaofuata geuza. Mbaazi naipenda sana kwa kazi hii: mizizi inaenda chini, inaweka naitrojeni (rutuba) kwenye udongo, majani yanadondoka yanafunika ardhi, na mahindi yakishavunwa yenyewe inaendelea na unyevu uliobaki. Bei yake inayumba, tunakumbuka 2017 India ilipobana manunuzi, kwa hiyo usiweke shamba zima, ila hata ikikosa soko inaliwa nyumbani na udongo umefaidika.

Masalia usichome. Mabua yalaze kwenye mistari yawe matandazo, yanazuia magugu na unyevu unakaa. Kama kuna sehemu lazima uchome, safisha kwanza kinga pana kuzunguka shamba, choma asubuhi upepo ukiwa umetulia, waambie majirani, na usiondoke mpaka uzime. Moto ukikushinda ukaingia porini unachoma hekta ambazo hakuna atakayelima, hiyo ni hasara tupu.

Visiki vya pembeni na kwenye kipande kinachopumzika usiving'oe, viko hai. Chagua machipukizi 2 au 3 yenye nguvu, pogoa mengine, utapata kuni na fito. Katikati ya ufuta acha wazi maana unataka jua. Shinyanga waliitwa jangwa, lakini kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) kati ya 1986 na 2004 wakarudisha ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayotengwa yapumzike, zaidi ya hekta 300,000, sehemu kubwa kwa kuacha ardhi ipumzike na visiki vichipue.

Kuhusu hela za kaboni, yaani malipo ya kutunza msitu ili kaboni yake isitoke hewani, maana maswali ni mengi: kanuni zipo tangu 2022 na vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vimeshalipwa, ila inayolipwa ni misitu ya kijiji yenye mpango wa matumizi bora ya ardhi na ulinzi wa kweli, mti mmoja uliouacha shambani kwako haukuletei malipo. Akija mtu na mkataba usiusaini peke yako, upelekwe mkutano mkuu wa kijiji, usomwe kwa Kiswahili, na muulize miaka mingapi, kijiji kinapata asilimia ngapi, na ardhi ya kulima watoto wenu imebaki wapi kwenye ramani.