Somo: Kuitafuta galaksi ya M83 kutoka Dar es Salaam

Masika yakiisha na kusi kuanza kuvuma, mawingu hupungua. Mwanzoni mwa Juni, saa tatu usiku, M83 inakuwa juu sana upande wa kusini, nyuzi 67 kutoka upeo wa macho. Aliyeko London haioni ikipanda zaidi ya nyuzi 9. Sisi tumejaliwa, tuitumie nafasi hii.

Ni galaksi, yaani mkusanyiko wa mabilioni ya nyota, yenye mikono iliyojisokota, na katikati yake umelala mhimili wa nyota. Mikono inaanzia kwenye ncha za mhimili huo. Galaksi yetu nayo ina mhimili. M83 iko umbali wa takriban miaka ya nuru milioni 15 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja). Mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliigundua mwaka 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema.

Hatua ya kwanza, mahali. Taa za Posta na Kariakoo zinaimeza. Vukeni Kigamboni mpaka Kimbiji, na msiende mmoja mmoja. Chagueni siku za mwisho au za mwanzo wa mwezi mwandamo. Simu zizimwe nusu saa, macho yazoee giza.

Pili, tafuta Sumbula, nyota kali nyeupe ya kibuluu karibu na utosi. Geukia kusini, nyosha mkono, kunja ngumi. Shuka ngumi moja na kidogo: nyota ya wastani utakayoikuta ni Gama ya kundinyota la Shuja.

Tatu, shuka tena karibu ngumi mbili ukielemea kushoto, hadi Menkent, yenye rangi ya chungwa.

Nne, chukua darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (yaani inakuza mara 7 au 10, lenzi za mbele zina upana wa milimita 50). Lenga katikati ya Gama na Menkent, kisha sogeza kulia kidogo sana. Utaona doa la ukungu, kiini chake kikiwa cheupe zaidi. Hapa wengi hupitiliza, kwa hiyo msiwe na haraka. Usilikazie macho, tazama pembeni yake kidogo, maana pembe ya jicho huhisi nuru hafifu vizuri zaidi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Niko Tabata, paani sitaiona?
Marahaba. Sumbula na Menkent utaziona, na zoezi la ngumi ulifanye hapo hapo. Galaksi yenyewe, fuata giza.

Mwalimu, mbona pichani ina mikono na wekundu, mimi nimeona doa tu?
Kamera hukusanya nuru kwa muda mrefu, jicho haliwezi. Wekundu ule ni haidrojeni inayong'aa pale nyota zinapozaliwa, na M83 inazizaa kwa wingi. Nyota kubwa hufa mapema: karne ya 20 pekee zilionekana supanova, yaani milipuko ya nyota zinazokufa, 6 humo. Ukipata darubini ya kioo cha sentimita 20, gizani kabisa, mhimili huanza kujitokeza.

Kaka, Juni nitakuwa safarini.
Julai mwanzoni iko juu tangu saa moja na nusu usiku. Agosti itafute kusini-magharibi, mara tu giza likiingia.