Silinda nne kulisha tatu: nilivyofufua injini ya Massey 135 kwa spea za 165

Trekta lilifika karakanani hapa Masasi likivutwa na lori, likitokea shamba la ufuta upande wa Nachingwea. Massey Ferguson 135, moshi wa bluu, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili pumzi inatoka kama birika lililochemka. Mwenyewe alishaongea na wanunuzi wa chuma chakavu. Nikamwambia asubiri, maana uani nilikuwa na mzoga wa injini ya Massey 165. Konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki) ya silinda ya pili ilikatika ikatoboa bloku, lakini silinda tatu zilizobaki zilikuwa na afya.

Kwa nini hizi mbili? 135 ina injini ya Perkins AD3.152, na 165 za mwanzo zina AD4.203. Namba za mwisho ni ujazo kwa inchi za ujazo. Gawa 152 kwa 3, gawa 203 kwa 4, zote zinakupa kama 50.7. Tundu la silinda ni milimita 91.4 na mwendo wa pistoni ni 127, huku na huku. Ni ndugu wa tumbo moja, ila mmoja kazidiwa silinda.

Hatua ya 1: Soma namba kabla ya kushika spana. Kwenye bloku tafuta namba inayoanza na 152UA kwa 135, na 203UA kwa 165. Halafu tazama kichwa cha pistoni. Lazima kiwe na kikombe katikati, kwa sababu dizeli inapuliziwa humo moja kwa moja. Zipo injini za ukoo huu huu ambazo mwako unaanzia kwenye chumba ndani ya hedi (kifuniko cha juu ya silinda), na pistoni zake hazina kikombe hicho. Kwa macho ya haraka zinafanana. Usizichanganye.

Hatua ya 2: Fungua kwa alama. Kila konrodi na kofia yake, kila kofia na upande wake. Nikiwa bado mwanafunzi wa gereji niligeuza kofia moja. Injini ilikaza hadi tukaizungusha kwa bomba la mita mbili, na fundi wangu hakusema neno, alinipa tu spana nifungue upya. Siku hizi nagonga nukta kwa sentapanchi: moja, mbili, tatu.

Hatua ya 3: Pima. Hapa ndipo kazi ilipo. Watu wengi huharibu kwa sababu kitu kimeingia, basi wanaona kimekaa. Kuingia si kukaa.

Laina, yaani bomba ambalo pistoni inapanda na kushuka ndani yake, usihamishe. Za injini hizi ni kavu na nyembamba, zimeshindiliwa kwenye bloku, na ukizing'oa hupinda hata kama jicho halioni. Nunua mpya. Za zamani zilikuwa na ngazi juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukipitisha ukucha unakwama. Nilipopima, ulaji ulizidi milimita 0.15, na mimi nikifika hapo sibembelezi.

Pistoni za 165 nilizichukua tatu. Nilisafisha vijia vya ringi kwa kipande cha ringi iliyovunjika, nikaweka ringi mpya na kupenyeza fila (bati jembamba la kupimia nafasi) kuangalia ulegevu. Ikilegea sana kijia cha juu, pistoni hiyo itupe. Mdomo wa ringi ukiwa ndani ya laina nautaka uachane kati ya milimita 0.30 na 0.40.

Konrodi mbili za 135 zilikuwa zimepinda kidogo. Za mzoga nilizilinganisha urefu, tundu la juu na tundu la chini, kisha nikaenda nazo kwa sonara kuzipima uzito. Alicheka, lakini mizani yake haidanganyi. Pistoni na konrodi za silinda tatu ziwe karibu uzito mmoja, la sivyo trekta litakutikisa meno.

Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), kameshafti (shafti inayofungua vali) na hedi za 165 haziingii kabisa, ni za silinda nne.

Hatua ya 4: Krenki. Ya 135 ilichongwa inchi 0.020, kwa hiyo beringi nazo ni za ishirini. Baada ya kuchongwa, puliza matundu ya oili mpaka hewa itoke safi upande wa pili. Unga wa chuma ukibaki humo, umefanya kazi bure.

Hatua ya 5: Kufunga. Sili ya nyuma ya kamba iloweshe oili kwanza. Hedi kaza kwa tokirenchi, kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu tatu. Tapeti, yaani nafasi ya vali, milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Mpangilio wa mwako ni 1-2-3, na alama za gia za taiming zilingane kabla hujafunika.

Hatua ya 6: Kuwasha. Zungusha bila dizeli mpaka geji ya oili inyanyuke, ndipo uwashe. Ikipata moto wa kutosha, zima, iache ipoe, kaza hedi tena na urudie tapeti.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanakikundi wa Ruangwa: Fundi, naweza kutumia nozeli za 165 pia?*
Zipeleke kwa fundi wa pampu apime mpuliziko na presha. Zangu mbili zilikuwa zinatonya, nikanunua.

*Wa Newala: Shikamoo fundi. Baada ya kufunga niliacha injini isailensi (iungurume taratibu bila mzigo) siku nzima ili ringi zikae. Sasa inakula oili.*
Marahaba. Hapo ndipo ulipokosea, ndugu yangu. Ringi hukaa kwa kazi. Ukiisailensisha muda mrefu laina inang'aa kama kioo na oili inapita. Ipe tela la mzigo wa wastani. Ikikataa, itabidi ufungue upitishe honi (jiwe la kukwaruza laina) upya.

*Wa Mikindani: Kwa hiyo naweza kuweka pistoni yoyote ya Perkins?*
Hapana. 4.248, kwa mfano, tundu lake ni kubwa zaidi. Rudi hatua ya 1.

*Wa Liwale: Hujasema iliuawa na nini.*
Mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda manifodi ulichanika, ukafungwa kwa tyubu ya baiskeli. Ukiangalia ndani, umejaa vumbi jekundu. Chujio lenyewe ni la bakuli la oili, na oili yake ilikuwa imekuwa uji. Nimeweka mpira mpya na klipu mbili, na nimemwambia dereva wakati wa kulima afungue bakuli kila asubuhi. Ameniuliza kama kila asubuhi ni pamoja na Ijumaa.