Kabla ya kwenda kupima ini

Ukiambiwa ukapime ini, usiikabidhi kazi yote kwa maabara. ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu, huonyesha jinsi seli za ini zinavyoumia sasa, na ini lililokwisha kusinyaa laweza kutoa namba za kawaida kabisa. Ndiyo maana daktari makini hukutazama pia.

Anza na macho ukiwa nyumbani. Simama kwenye mwanga wa mchana, uangalie juu, mtu akuvute kope la chini. Wengi wetu tuna madoa ya kahawia pembeni mwa weupe wa jicho, hasa tunaoshinda juani. Hayo hayatokani na ini. Manjano ya ini hutanda weupe wote, hata nyuma ya kope. Siku hizo usipake hina wala rangi ya kucha, maana viganja na kucha vitakaguliwa. Vaa nguo rahisi kufungua: tumbo litapapaswa kutafuta maji na wengu uliovimba, na miguu itabonyezwa.

Nenda na mtu mnayeishi naye. Daktari akikuambia unyooshe mikono na kukunja viganja kwa nyuma, anaangalia kama vinapigapiga, dalili kwamba sumu ambazo ini limeshindwa kuziondoa zimegusa ubongo. Kwamba siku hizi unalala mchana na kukesha usiku, au unasahau mambo, mwenzako ndiye atakayelisema.

Beba dawa zote unazotumia: za kifua kikuu, ARV, parasetamoli, na mitishamba pia. Usifiche mitishamba wala pombe, tafadhali. Ila usiache dawa ya hospitali kwa ajili ya kipimo bila kuelekezwa.

Uliza kama watapima albumini (protini inayotengenezwa na ini), bilirubini (rangi inayoleta manjano), muda wa damu kuganda na chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia kuigandisha). Hizo ndizo zinazosaidia kueleza ini limeathirika na linafanya kazi kiasi gani. Uliza pia homa ya ini B na C. Kama umekulia kando ya Ziwa Victoria, litaje hilo mapema: kichocho cha tumbo chaweza kuvimbisha wengu na kupasua mishipa ya umio huku vipimo vya ini vikiwa vizuri. Kwa ultrasaundi ya tumbo, kwa kawaida utaambiwa usile saa kadhaa kabla.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, ukichanganyikiwa, au tumbo lenye maji likiuma pamoja na homa, usingoje tarehe ya miadi. Nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo.