Rais Akirudisha Mswada, Hesabu Siku na Hesabu Wabunge

Mimi ni katibu wa chama cha akina mama hapa Kisauni, na habari za Bunge zinazogusa mikopo huwa nawasomea wenzangu. Rais akikataa kutia saini mswada, simu yangu haitulii: "Katibu, basi ndiyo umekufa?" Haujafa, dada zangu. Fuatilieni hivi.

Kwanza andika tarehe mswada ulipomfikia Rais, si tarehe ulipopitishwa. Kifungu cha 115 cha Katiba ya Kenya kinampa siku 14 atie saini au aurudishe Bungeni. Akinyamaza siku hizo zikapita, mswada unahesabiwa umetiwa saini.

Akiurudisha, tafuta memoranda yake, yaani barua ya sababu zake kwa Bunge, usitosheke na vichwa vya habari. Mle utakuta kifungu kwa kifungu anachotaka kifutwe au kibadilishwe. Oktoba 2019 Rais Uhuru Kenyatta aliurudisha Mswada wa Fedha akitaka ifutwe sehemu ya 33B ya Sheria ya Benki, ile iliyozuia riba isizidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kwetu tulio na mikopo, hilo ndilo lililokuwa na uzito kuliko mengine yote mle.

Sasa hesabu wabunge. Wakikubali yote aliyotaka Rais, wingi wa kawaida unatosha. Wakitaka kumpinga, hata kwa sehemu tu, lazima wapate theluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233. Si theluthi mbili ya waliomo ukumbini! Kwa hiyo mbunge aliyebaki nyumbani siku hiyo amemsaidia Rais, hata kama jukwaani alikuwa akimpinga. Novemba 2019 hawakufika 233, na kikomo cha riba kikaondoka. Mpaka leo naona wakopaji wadogo walinyimwa haki yao na viti vitupu.

Mswada wa Fedha wa 2024 nao ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Rais Ruto alipoukataa tarehe 26 Juni, akataka vifungu vyote vifutwe. Hata wale 195 wangeshikilia msimamo wao wote, wangepungukiwa na 38.

Mswada ukihitaji idhini ya Seneti, huko nako zinahitajika kura za kaunti 32 kati ya 47. Theluthi mbili zikipatikana, Spika ana siku 7 kuupeleka tena kwa Rais, na Rais ana siku 7 kutia saini. Asipotia, unakuwa sheria vivyo hivyo.

Mpigie mbunge wako kabla ya siku ya kura. Usimuulize anaunga mkono nani. Muulize: "Mheshimiwa, siku hiyo utakuwa ukumbini?" Kisha soma Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, uone kama alikuwepo.