Kuvaa na kuvua vifaa kinga kwenye makao ya wazee

Kuvaa si tatizo kwa wahudumu wengi. Shida iko kwenye kuvua, kwa sababu kufikia hapo umechoka na uchafu wote uko upande wa nje wa ulichovaa. Hatua hizi ni za kumhudumia mzee aliyetengwa chumbani kwa maambukizi.

1. Andaa kila kitu kabla ya kuingia: shuka, nepi, glavu za akiba. Ukisahau kimoja, itabidi uvue vyote na kuvaa upya. Pete na saa zibaki nje. Pipa la kanyagio liwe ndani, karibu na mlango.

2. Takasa mikono kwa kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60, ukisugua sekunde 20 hadi 30. Mzee akiwa anaharisha, nawa kwa maji tiririka na sabuni sekunde 40 hadi 60, maana alkoholi haiui mbegu za Clostridioides difficile, bakteria anayeharisha watu, na norovirusi, kirusi cha kuhara na kutapika, huistahimili.

3. Vaa gauni, kisha barakoa, miwani, na mwisho glavu, zikifunika mikono ya gauni. Mzee mwenye kusahausahau huogopa uso uliofunikwa, kwa hiyo simama aone macho yako, umwamkie na kutaja jina lako.

4. Anza na kazi safi, umalizie na chafu. Hapa nawasumbua sana wenzangu: glavu ulizombadilishia nepi hazigusi kidonda, kengele wala kikombe chake. Zivue, takasa mikono, vaa nyingine, hata kama mzee ni yuleyule. Na glavu hazioshwi ili zitumike tena.

5. Vua bila haraka.
Glavu: finya ya kwanza kwa nje karibu na kiganja, ivute ijigeuze ndani-nje, ishike kwa mkono wenye glavu. Penyeza kidole kitupu chini ya ukingo wa ile ya pili, uivute ifunike ya kwanza. Takasa mikono.
Miwani: ishike kamba ya nyuma.
Gauni: fungua kamba, livute kutoka mabegani, likunje upande wa ndani ukitokeza nje.
Barakoa: kamba ya chini, kisha ya juu, mbele usiguse. Ikiwa ni N95, ile barakoa nzito inayochuja chembe ndogo za hewani, ivue ukishatoka na kufunga mlango.
Takasa mikono tena.

6. Vyuma vya kitanda, kengele na vitasa vioshwe kwa sabuni kwanza, ndipo vipakwe klorini ya asilimia 0.1. Dawa ya klorini ya asilimia 5 huchanganywa kipimo kimoja kwa 49 vya maji. Usiichanganye na dawa nyingine ya usafi. Hutoa hewa ya sumu.

Usisubiri homa kali ndipo ushuku maambukizi. Kwa mzee, hata 37.8°C inatosha kutia shaka, na wengine hawapati homa kabisa: huchanganyikiwa ghafla au hukataa chakula. Mjulishe muuguzi wa zamu hiyohiyo, hasa wazee wenye dalili hizo wakiwa wawili au zaidi.