Gemu za Game Boy mfukoni: ununue kifaa cha FPGA au utumie emuleta?

Kabla ya kutoa pesa, fungua droo uone una kaseti ngapi za Game Boy na ngapi kati yake bado zinafanya kazi. Mwenye kaseti zake halisi, hasa zenye gemu alizozihifadhi tangu utotoni, atafaidika na kifaa cha FPGA, yaani chenye chipu inayopangwa iwe kama mashine ya zamani. Asiye nazo, lakini ana simu ya Android au kile kifaa kidogo cha Kichina chenye vitufe, hana haja ya kulipa bei hiyo. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya zamani, ikipangwa vizuri itamfikisha karibu sana. Shida ni kwamba wengi huacha mipangilio kama ilivyokuja, kisha wanailaumu emuleta.

Ndani ya Game Boy ya 1989 mna prosesa ya megahezi 4.19, sehemu ya kuchora picha na sehemu ya sauti, na zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. FPGA ni chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa faili, zikafuata muundo wa mashine ya zamani, na zile sehemu zikaenda sambamba vilevile. Analogue Pocket, iliyoanza kuwafikia wanunuzi Desemba 2021, hutumia chipu ya namna hii na ina tundu la kaseti za Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance. Emuleta ni programu kama nyingine. Prosesa ya simu hufanya kipande cha kazi ya prosesa ya zamani, ikafanya kipande cha picha, kisha cha sauti, ikamaliza picha nzima ndipo ikaikabidhi Android iipeleke kwenye skrini. Kila kituo njiani kinakula milisekunde, na mkono uliozoea gemu za kuruka na kupiga huhisi.

Hata hivyo, jina la FPGA peke yake halihakikishi chochote. Saketi ile imeandikwa na mtu aliyeichunguza mashine ya zamani, sawa na aliyeandika emuleta, na akikosea kipimo cha muda gemu itakosea vilevile. mGBA, emuleta ya Game Boy Advance, ni programu tupu, na kwa usahihi inazishinda saketi nyingi zilizoandikwa haraka.

Ukiwa na kaseti

Hewa ya chumvi ya Mombasa ndiyo adui wa kwanza. Kaseti iliyokaa miaka karibu na dirisha la Nyali au Mji wa Kale huota utando mweusi kwenye pini zake. Dalili kwenye Game Boy yenyewe ni nembo ya Nintendo kutokea ikiwa imevurugika, au kuja mstari mweusi mtupu, kisha mashine ikakwama. Mashine husoma nembo hiyo kutoka kwenye kaseti na kuilinganisha na iliyo ndani yake, zikitofautiana, haiendelei. Kwenye Pocket huenda gemu ikaanza vizuri kisha ikaganda katikati.

Usipulize kwa mdomo, maana unyevu wa pumzi unazidisha kutu. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda huwa na maji mengi, na nyingine ina mafuta yanayoacha utando. Chovya pamba ya masikio, ikamue isidondoke, sugua pini kwa urefu wake, kutoka ndani kuja nje. Badilisha pamba mpaka itoke nyeupe. Kaseti chafu sana itamaliza tano au sita. Acha ikauke dakika kumi. Msasa usiuguse hata kidogo: unakwangua dhahabu ya juu, na baada ya hapo kutu inarudi haraka kuliko mwanzo.

Kisha kuna betri ya ndani. Gemu nyingi za Game Boy huhifadhi ulipofika kwenye memori inayoshikiliwa na betri ya volti 3, mara nyingi CR1616 au CR2025. Betri ikiisha, kazi yako yote inapotea, na ukiitoa kabla ya kunakili inapotea vilevile. Kwa hiyo nakili kwanza. Kifaa cha GBxCart RW huchomekwa kwenye kompyuta kwa USB, na programu ya FlashGBX husoma gemu na hifadhi yake. Hakikisha volti kabla ya kuchomeka: kaseti za Game Boy na Game Boy Color hutaka 5, za Advance 3.3. Kaseti ya Advance ikipewa 5 inaweza kuungua.

Kufungua kaseti ya Game Boy kunahitaji bisibisi maalumu ya milimita 3.8, na ya Advance bisibisi ya mabawa matatu. Soma namba iliyochorwa kwenye betri ya zamani, nunua ya namba hiyohiyo iliyokwishaunganishwa vibati vya kulehemu, kisha mpelekee fundi wa simu mwenye mkono mwepesi. Asilehemu moja kwa moja juu ya betri tupu, kwa kuwa joto linaweza kuipasua. Muonyeshe upande wa chanya kabla hajaanza. Pokémon Ruby na Sapphire zikikuambia betri ya ndani imekauka, usihangaike: kilichosimama ni saa tu, gemu itaendelea kuhifadhi kama kawaida.

Ukitumia programu

Anza na memori kadi. Kadi inayokuja na vifaa vya bei nafuu huwa ya mwisho kwa ubora na hufa bila kutoa taarifa, ikaenda na hifadhi zako. Nunua ya kampuni inayojulikana kwenye duka la simu, na ukifika nyumbani ipime kwa H2testw kwenye Windows kabla ya kuweka chochote. Programu hiyo hujaza kadi yote kisha huisoma tena. Kadi bandia iliyoandikwa GB 64 huku ndani ni 8 inaumbuka hapo. Gemu ziwe zile ulizonakili kwenye kaseti zako. Kadi zinazouzwa zimejaa maelfu ya gemu ni nakili zisizo halali, na mafaili mengi humo yameharibika.

Kwenye RetroArch, programu inayokusanya emuleta nyingi mahali pamoja, tumia emuleta ya Gambatte kwa Game Boy na Game Boy Color, na mGBA kwa Advance. mGBA ina BIOS (programu ya kuwashia mashine) yake ya kuigiza, lakini ukiwa na halisi, faili liitwe gba_bios.bin, lenye baiti 16,384 kamili. Likipungua au kuzidi, si lenyewe.

Picha inataka hesabu kidogo. Skrini ya Game Boy ni pikseli 160 kwa 144. Mara tatu ni 480 kwa 432, inayoingia vizuri kwenye skrini ya 640 kwa 480 kama ya Miyoo Mini Plus, na pembeni pakabaki weusi. Washa ukuzaji wa namba kamili (Integer Scale), yaani mara mbili au mara tatu bila sehemu, uukubali weusi huo. Advance ni 240 kwa 160. Ukiivuta ijaze 640, inakuzwa mara 2.67, na picha ikitembea utaona mistari inameremeta, kwa sababu pikseli nyingine zinapata upana wa mbili na nyingine wa tatu. Mpenzi wa Advance atafute skrini ya 720 kwa 480, kama ya Anbernic RG34XX, ambayo ni mara tatu kamili. Pocket, yenye 1600 kwa 1440, hukuza Game Boy mara kumi kamili.

Rangi pia. Advance ya 2001 haikuwa na taa kwenye skrini, hivyo watengenezaji walizidisha ukali wa rangi ili zionekane. Kwenye skrini ya leo zinachoma macho. Washa urekebishaji wa rangi ndani ya mGBA.

Sasa ucheleweshaji, yaani muda kati ya kubonyeza kitufe na kuona matokeo. Picha za Game Boy huja 59.73 kwa sekunde, yaani kila moja kama milisekunde 16.7. RetroArch ina mpangilio wa Run-Ahead: emuleta hupiga hesabu ya picha inayofuata kimyakimya na kukuonyesha hiyo, ikafidia muda ambao gemu yenyewe hupoteza kabla ya kuitikia kitufe. Weka 1. Ukiweka 2 na mchezaji akaanza kuruka akiwa tayari hewani, rudi 1. Sauti ikianza kukatakata, kifaa kimezidiwa, zima Run-Ahead. Na vipokea sauti vya bluetooth viweke kando, maana huchelewesha sauti kuliko kitu kingine chochote hapa.

Usikisie, pima. Washa kamera ya simu nyingine kwenye mwendo wa pole wa picha 240 kwa sekunde, rekodi kidole na skrini pamoja, bonyeza kitufe cha kuruka. Hesabu picha kuanzia kitufe kinapozama hadi mchezaji anaposogea. Kila picha ni milisekunde 4.2, kwa hiyo nne ni sawa na picha moja ya gemu. Rudia mara kumi utafute wastani, kisha badilisha mpangilio mmoja tu na upime tena.

Kuhamisha hifadhi ni rahisi: faili la .sav kutoka FlashGBX, kwa RetroArch lipe mwisho wa .srm, jina lake lifanane herufi kwa herufi na la gemu. Ile hifadhi ya papo hapo ya emuleta (save state), inayogandisha gemu mahali ilipo, usiitegemee peke yake, kwani emuleta ikisasishwa huenda isifunguke. Inafaa feri ya Likoni inapogusa gati na huwezi kusubiri, lakini ukifika nyumbani hifadhi ndani ya gemu yenyewe.

Vifaa vingi vya bei nafuu havipokei chaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Ukichomeka na taa isiwake, kifaa si kibovu. Tumia waya wa USB ya zamani kwenda C na chaja ya kawaida ya volti 5. Usikiache kwenye dashibodi ya gari juani. Kaseti na vifaa usivyotumia viweke kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na betri ikiwa imejaa nusu. Kwenye Pocket, usichomoe kaseti kifaa kikiwa kimelala. Kizime kabisa kwanza.